Uthibitishaji wa hatua mbili wa Google: kufuli ni imara, tatizo ni ufunguo unaouchagua

Nimetumia uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti yangu binafsi ya Google kwa zaidi ya miaka sita, na kwa muda wote huo sikuwahi kuufikiria sana, hadi Jumamosi moja jioni simu yangu ilipochomolewa mfukoni ndani ya daladala ya Mbagala. Laini ilikwenda na simu, na duka la kampuni yangu ya simu lilikuwa limeshafungwa hadi Jumatatu. Barua pepe zangu zote, pamoja na nakala za mikataba niliyotakiwa kuisaini Jumapili, zilikuwa nyuma ya mlango ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeufunga mara mbili.

Huduma yenyewe ni ya bure na ilifunguliwa kwa wenye akaunti binafsi mwaka 2011. Ukishaandika nywila, Google hudai uthibitisho wa pili kabla ya kukuruhusu kuingia, ili mtu aliyeiba au kubahatisha nywila yako abaki nje. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilitangaza kwamba ingewawashia huduma hii watumiaji milioni 150 kabla ya mwaka kwisha, bila kusubiri waombe wenyewe. Ndiyo maana wapo watu wengi ambao akaunti zao zinalindwa kwa hatua mbili na hawakumbuki siku waliyokubali.

Njia ambayo wengi wetu tumeishia nayo ni ujumbe mfupi wa simu wenye namba ya tarakimu sita. Ni rahisi, haihitaji simu janja, na ni bora mara nyingi kuliko nywila peke yake. Utafiti ambao Google iliuchapisha mwaka 2019 ulionyesha kwamba namba inayotumwa kwa ujumbe ilizuia majaribio yote yaliyofanywa na roboti, yaani programu za kompyuta zinazojiendesha, na asilimia 96 ya ulaghai unaorushwa kwa watu wengi kwa pamoja, lakini pale mshambuliaji alipokuwa amemlenga mtu fulani, kinga ilishuka hadi asilimia 76. Pengo hilo si gumu kulielewa kwa yeyote aliyewahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tapeli anayeweza kukushawishi utume fedha hashindwi kukushawishi umsomee tarakimu sita, na tapeli mwenye juhudi zaidi hujifanya wewe na kuirudisha laini yako kwenye kadi aliyonayo yeye, ili ujumbe uje kwake. Isitoshe, kwetu laini si mali ya kudumu: ukikaa nayo muda mrefu bila kuitumia inafungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine asiyekujua.

Njia ya pili, ambayo ndiyo niliyokuwa nikiitumia zaidi, ni swali linalojitokeza kwenye simu na kukuuliza kama ni wewe unayejaribu kuingia. Katika utafiti uleule njia hii ilizuia asilimia 99 ya ulaghai wa jumla na asilimia 90 ya mashambulizi yaliyolengwa. Udhaifu wake ni kwamba inahitaji intaneti, na bando likikata ukiwa njiani unabaki ukiitazama simu. Hapo ndipo programu ya Google Authenticator inapopata sifa yake: huzalisha namba mpya kila baada ya sekunde 30 bila mtandao wala salio, ilimradi saa ya simu iwe sahihi. Tangu 2023 inaweza kuhifadhi nakala ya siri zake, zile inazotumia kuzalisha namba, ndani ya akaunti ya Google, jambo linalosaidia unapobadilisha simu, ingawa nakala hizo zilipoanza hazikuwa na usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, yaani hazikufichwa kiasi kwamba hata Google yenyewe isiweze kuzisoma. Na kwa akaunti ya Google yenyewe, kuweka nakala humo ni sawa na kuufungia ufunguo wa nyumba ndani ya nyumba hiyohiyo.

Kilichoniokoa Jumapili ile ni karatasi. Ndani ya mipangilio ya hatua mbili kuna sehemu ya kutengeneza namba za akiba: unapewa namba kumi zenye tarakimu nane kila moja, na kila namba hutumika mara moja tu. Nilikuwa nimezichapisha zamani na kuziweka kwenye bahasha ya vyeti. Kwa kompyuta ya mpwa wangu niliandika nywila, nikachagua kuthibitisha kwa njia nyingine, nikaandika namba ya kwanza, na nikaingia. Kazi iliyofuata ilikuwa kuiondoa simu iliyoibwa kwenye orodha ya vifaa, jambo lililochukua dakika chache na lililopangwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Laini niliirudisha Jumatatu kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na alama za vidole.

Lawama yangu kubwa kwa huduma hii iko hapo hapo. Namba za akiba, ambazo kwa mtu mwenye simu moja na laini moja ndizo za kwanza kwa umuhimu, si sharti. Unaweza kumaliza kuwasha kila kitu bila kuzitengeneza.

Jambo jingine linahusu steshenari. Vijana wengi wanaoomba kazi au mikopo ya masomo hufunguliwa barua pepe na mhudumu wa steshenari, na wapo ambao namba ya simu iliyoandikwa humo ni ya mhudumu huyo. Akaunti kama hiyo, hata ikiwa na hatua mbili, kwa kweli inalindwa kwa niaba ya mtu mwingine. Ukiwa hapo pia angalia kisanduku kinachosema usiulizwe tena kwenye kifaa hicho, na uhakikishe hakina tiki, kwani kikiachwa kompyuta ya dukani inahesabiwa kuwa ya kuaminika.

Ufunguo wa usalama unaochomekwa kwenye kompyuta ndio imara kuliko yote, lakini ni kifaa cha kununua, na busara inataka ununue viwili. Funguo za siri za kwenye simu (passkeys kwa Kiingereza), zilizoanza kwenye akaunti za Google mwaka 2023 na zinazofunguliwa kwa alama ya kidole au uso, hazina gharama na ni vigumu kwa tapeli kuzinasa kwa tovuti ya bandia. Nimeanza kuzitumia na sina malalamiko.

Naipa huduma nyota nne kati ya tano. Namba yangu ya simu nimeiondoa kwenye hatua ya pili, na namba za akiba nimetengeneza mpya; ukishafanya hivyo zile za zamani hufa papo hapo. Nakala moja imerudi kwenye bahasha ya vyeti. Nyingine, isiyo na jina wala anwani ya barua pepe, iko kwa dada yangu Morogoro, ambaye hajui ni ya nini ila ameahidi kutoitupa.