Helmeti ya mashindano ya sketibodi mteremkoni: tazama lebo na kidevu kabla ya rangi

Mwaka 2017, Peter Connolly aliweka rekodi ya dunia ya kuteremka kwa sketibodi huko Quebec, Kanada, kwa kasi ya kilomita 146.73 kwa saa. Wengi wetu hatutaikaribia kasi hiyo, lakini hata mshindani wa kawaida katika mteremko mzuri hufikia kilomita 70 au 80 kwa saa akiwa amesimama juu ya ubao usio na breki. Kwa hiyo nimezitathmini helmeti zinazouzwa kwa ajili ya mchezo huu kwa kuuliza jambo moja tu: je, zinamlinda mtu anayeanguka jinsi wateremkaji wanavyoanguka?

Helmeti fupi ya mviringo, ile inayoacha uso wazi, inafaa uwanjani na kwenye rampu, lakini kwenye mashindano ya mteremkoni siipendekezi hata kidogo, na waandaaji wa mashindano makubwa huikataa. Mteremkaji akipoteza ubao kwenye kona mara nyingi hutangulia kwa mikono na kifua, na kinachofuata kugusa lami ni kidevu na meno. Helmeti ya uso mzima, yenye kinga ya kidevu na kioo cha mbele, ndiyo inayostahili kuitwa helmeti ya mashindano.

Hapo ndipo lebo iliyobandikwa ndani inapohitaji kusomwa kwa makini, maana si kila kinga ya kidevu imejaribiwa. Kiwango cha Ulaya cha EN 1078 kinahusu waendesha baiskeli na watumiaji wa sketibodi, nacho hupima ulinzi wa fuvu tu. Helmeti ya uso mzima yenye lebo hiyo peke yake inaweza kuwa na kidevu cha plastiki ambacho hakuna aliyewahi kukigonga katika maabara. Kiwango cha Marekani cha CPSC nacho ni cha kichwa, si cha kidevu. Kiwango cha ASTM F1952, kilichotungwa kwa ajili ya baiskeli za mteremko wa milimani, ndicho kinachojaribu pia uimara wa kinga ya kidevu, na ningependa kila mnunuzi akitafute. ASTM F1492 ni cha sketibodi ya kawaida na hudai helmeti ivumilie kugongwa zaidi ya mara moja mahali pale pale. Ni sifa njema kwa anayeanguka kila siku kwenye rampu, lakini haitoshi kwa mbio.

Wapo wanaokata tamaa wakisikia kwamba kipimo cha CPSC huidondosha helmeti kutoka mita 2 tu juu ya chuma bapa, yaani kwa kasi ya mita 6.2 kwa sekunde, ambayo ni kama kilomita 22 kwa saa. Je, itamfaa nini mtu anayekimbia kwa kilomita 80? Jibu ni kwamba kinachoamua ukali wa pigo la kwanza ni kimo ambacho kichwa kinadondoka, wala si mwendo wa mbele. Kichwa kinachoanguka kutoka usawa wa mtu aliyesimama hufika chini kwa takriban mita 6 kwa sekunde, hata kama mwili unaendelea kuteleza kwa kasi kubwa. Ndiyo maana ganda linapaswa kuwa laini na la mviringo ili lisinase kwenye lami na kuipinda shingo, na ndiyo maana ninaziogopa helmeti zenye mapembe na vishikio vya kamera. Kugonga nguzo au ukingo wa barabara ni jambo jingine kabisa, na hakuna helmeti ya mchezo huu inayoahidi kulimudu.

Miongoni mwa helmeti zilizoundwa mahususi kwa mteremko, TSG Pass ya Uswisi imekuwa ikionekana sana mashindanoni, na sababu zake ninazikubali: ganda la faiba, kioo kipana, na mkanda unaofungwa kwa pete mbili za chuma ambazo hazifyatuki. Upana wa kioo una uzito kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani. Mteremkaji hukimbia akiwa amejikunja, kifua juu ya goti, na macho yake hutazama kupitia sehemu ya juu kabisa ya kioo. Helmeti inayompa mandhari yote akiwa wima dukani inaweza kumfunika barabara mara tu anapoinama. Helmeti ya pikipiki hushindwa hapo hapo, tena huongeza uzito unaoichosha shingo.

Basi ijaribu ukiwa umejikunja. Pima kwanza mzunguko wa kichwa kwa utepe, juu kidogo ya nyusi, kisha ivae kwa robo saa nzima. Ukiishika kwa mikono miwili na kuizungusha, ngozi ya paji la uso na mashavu ifuatane nayo; ikiteleza juu ya nywele, ni kubwa. Ukiwa umefunga mkanda, jaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka kisogoni kuelekea mbele; isitoke. Geuza kichwa utazame nyuma ya bega, kama unavyofanya kabla ya kumpita mwenzako, na uhakikishe ukingo haugusi mgongo. Pumua kwa nguvu kioo kikiwa kimefungwa, kwani ukungu ni udhaifu wa karibu aina zote, na tundu dogo la hewa mdomoni hupunguza sana tatizo hilo.

Utando wa ndani unaoteleza, kama ule wa MIPS kutoka Uswidi, huiruhusu helmeti kuzunguka milimita chache pigo linapokuja kwa mshazari, na mapigo ya mteremkoni karibu yote huja hivyo. Nauunga mkono, ila helmeti inayokaa vizuri bila utando huo naipendelea kuliko inayotikisika ikiwa nao.

Helmeti iliyokwishatumika nisingeinunua kwa bei yoyote. Polistareni ya ndani, yaani lile povu gumu, hufanya kazi kwa kubonyea na kupasuka, na ikishabonyea hairudi, hata kama ganda linang'aa. Mwenye kuuza huenda mwenyewe hajui kwamba iliwahi kuanguka.