Nilipima haiba mara mbili, nikatoka watu wawili

Mara yangu ya kwanza kuwekwa kwenye fungu ilikuwa darasa la uchumba, kanisani. Mwalimu alichora vyumba vinne ubaoni: sangwini, koleriki, melankoliki, flegmatiki. Mchumba wangu akaangukia sangwini, mchangamfu; mimi flegmatiki, mpole asiye na haraka; darasa likacheka. Mgawanyo huo unatokana na waganga wa kale wa Kiyunani, walioamini hulka ya mtu inatawaliwa na damu, nyongo na makohozi. Habari ya makohozi hatukuambiwa.

Miaka sita ndani ya ndoa, nikajaribu zile aina 16 za herufi nne, jaribio la bure kwenye simu. Nikatoka INTJ. Nilisoma maelezo yake ndani ya daladala mpaka nikapitiliza kituo. Balaa likaanza nyumbani. Mashemeji wakija bila taarifa, naingia chumbani: mimi ni I, mtu wa kujitenga, ndivyo nilivyo. Mume wangu akavumilia wiki mbili, kisha akasema, "Mke wangu, kabla hujapewa hiyo I ulikuwa unatoka kusalimia."

Nikarudia baada ya likizo. Safari hii INFJ! T, ya kuamua kwa kichwa, imegeuka F, ya kuamua kwa moyo. Kuangalia alama, T yangu ya mwanzo ilikuwa asilimia 52, sasa 47. Ni kama mtihani: wa 51 kafaulu, wa 49 kafeli, na kichwani wanalingana. Halafu maswali yenyewe. Unakaa pembeni kwenye sherehe? Sherehe ipi? Ya ukoo wetu nasonga ugali na vigelegele napiga. Ya ofisini natafuta kiti karibu na mlango.

Waliobuni herufi hizo ni Wamarekani, Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers, kutokana na mawazo ambayo Carl Jung alichapisha mwaka 1921. Wote wawili hawakusomea saikolojia. Watafiti wengi leo hutumia vipimo vitano ambavyo havikupi jina, vinakuonyesha tu umesimama wapi kati ya ncha mbili. Nimevipima pia. Havina utamu wa kusimulia, lakini kimoja kilinifinya: kwenye utaratibu niko chini, na mimi ni mhasibu! J, ile herufi yangu ya mwisho, ilikuwa imenisifu kwa mipango. Ukweli ni kwamba vitabu vya ofisini vimenyooka kwa sababu bosi huvikagua. Risiti za nyumbani zimejaa kwenye kopo la maziwa.

Kwa hiyo herufi nne ningezipendekeza kwa wawili wanaotaka pa kuanzia mazungumzo, basi. Sisi zilitusaidia hapo. Mume wangu bado anakaribisha watu, ila siku hizi ananipigia simu kwanza, nami natoka kusalimia. Kopo nimefika nusu.