Kwa Hajati, Busia: chai, chapati na daftari la siasa

Hoteli yenyewe haina kibao. Muulize kijana yeyote wa boda upande wa Uganda, "Kwa Hajati ni wapi?" atakupeleka: nyuma ya vibanda vya wabadilisha pesa, mlango wa bluu, mabenchi marefu na jiko la mkaa unaloliona kabla hujaingia. Mimi ni wakala wa mizigo, kazi yangu ni makaratasi ya malori, na nimekunywa chai karibu kila pembe ya mji huu nikisubiri muhuri. Nitaanza na habari za tumbo, ingawa kinachowaleta watu hapa ni daftari.

Chai ya maziwa ni shilingi 1,000, imechemshwa na tangawizi ya kutwanga, si ya unga wa paketi, na inaletwa ikiwa imejaa hadi ukingoni. Chapati ina mafuta mno. Ukiishika kisha ukashika hati ya mzigo, hati inabaki na doa la kuonea upande wa pili, na huko ofisini hawapokei. Roleksi, yaani mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati, ni afadhali, maana kijana anayeikaanga ana kibanda chake nje na kikaango chake mwenyewe. Mchana kuna posho, yaani ugali, na maharagwe, na siku ambazo samaki wamefika kutoka Majanji, ufukweni mwa Ziwa Victoria, kuna sangara wa kukaanga. Ukiwakuta, achana na mengine yote. Katogo la asubuhi, ndizi zilizopikwa pamoja na matumbo, sikushauri kama una safari ndefu.

Sasa daftari. Ni daftari kubwa la jalada gumu, limefungwa kwa kamba ya katani kwenye mguu wa meza ya Hajati. Humu ndani siasa inaruhusiwa kuanzia alfajiri, lakini mtu akisema kwamba jambo fulani litatokea, Hajati anamwambia neno moja: "Andika." Unaandika tarehe ya leo, nini kitatokea, mwisho wake lini, na una hakika kiasi gani katika mia. Chini yake kuna mstari wa pili, nao ndio wenye kazi: nikiona nini nitabadili mawazo? Asiyetaka kuandika anaombwa apunguze sauti. Siku ikifika, mwalimu mmoja mstaafu anasoma kurasa mbele ya wote. Pesa hazihusiki kabisa, kwa sababu Hajati hataki kamari katika nyumba yake, na aliyekosea hanunui hata chai.

Mwombe akufungulie kurasa za Agosti 2022. Wakenya walipiga kura tarehe 9, na sisi tulio hatua chache kutoka mpakani tulijiona kana kwamba tuko ndani ya kituo. Ukurasa mzima ni Raila Odinga atashinda urais: 90, 95, mmoja ameandika 100 na kupiga mstari chini. Si ajabu. Kaunti ya Busia ng'ambo ilikuwa ngome yake, na kila mchukuzi na kila muuza nyanya aliyevuka asubuhi alikuwa wake. Mtu akihesabu anaowafahamu akawakuta wote upande mmoja, ataapa nchi nzima iko hivyo, hali Wakenya walio wengi wanaishi mbali na hawajawahi hata kupita hapa. Tarehe 15 mpinzani wake, William Ruto, akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Makamishna wanne kati ya saba wa tume wakajitenga na matokeo, na tarehe 5 Septemba Mahakama ya Juu ikayathibitisha.

Utamu ulikuja baadaye. Kabla wiki haijaisha, benchi lote lilikuwa na maelezo. Ilikuwa wazi tangu mwanzo kwamba Uhuru, rais aliyekuwa akiondoka na aliyemuunga mkono Raila, angemharibia. Ilikuwa wazi kwamba wachuuzi na vijana wa boda wangempa Ruto. Mwalimu akafungua daftari, akasoma waliyoyaandika wasemaji hao hao siku moja kabla ya kura, kwa majina yao. Watu walicheka hadi Hajati akatoka jikoni. Bila karatasi ile, kila mmoja angelala usiku huo akiamini kwa moyo safi kwamba alijua. Mwalimu akatusimulia utafiti wa Baruch Fischhoff na Ruth Beyth uliochapishwa 1975: kabla Rais Nixon hajasafiri kwenda Beijing na Moscow mwaka 1972, waliwauliza wanafunzi mambo gani yangetokea huko na kwa uwezekano gani, kisha baada ya safari wakawaomba wakumbuke majibu yao. Kwa yale yaliyoonekana kuwa yametokea, wengi walikumbuka kwamba walikuwa wameyapa nafasi kubwa kuliko waliyoyapa kweli.

Mimi ningeongeza kitu. Tofauti ilikuwa kura kama 233,000 katika zaidi ya milioni 14. Mwanya ukiwa mwembamba namna hiyo, sababu yoyote uliyo nayo mfukoni inatosha kuitwa ndiyo iliyoamua: mgombea mwenza wa kutoka Mlima Kenya, waliobaki nyumbani, bei ya unga, Uhuru mwenyewe. Huenda zote zina ukweli kidogo. Mtu anayechukua moja na kuipigia meza ananieleza habari zake yeye, za Kenya bado sijazisikia.

Lakini ukurasa ninaoupenda zaidi ni wa Januari 2022, kwa kuwa unahusu kazi yangu. Mtakumbuka petroli ilivyopanda hadi 10,000 na zaidi kwa lita sehemu nyingine za nchi. Hapa hotelini maelezo yalikuwa mawili tu: kuna mkubwa ameyaficha mafuta, au Kenya inatukomoa. Sisi wenye malori kwenye foleni tulikuwa tunaona jingine. Uganda ilikuwa imeagiza wanaoingia wapimwe Korona mpakani kwa dola 30. Madereva wakakataa, wakazima injini, na foleni za Malaba na Busia zikarudi nyuma kilomita nyingi ndani ya Kenya. Mafuta hayakuwa yamefichwa popote. Yalikuwa ndani ya matangi, barabarani, dereva amelala chini ya trela.

Hata hivyo mgomo peke yake hautoshi kueleza bei ile. Shule zilifunguliwa tarehe 10 mwezi huo huo baada ya kufungwa karibu miaka miwili, kwa hiyo kila gari lililoweza kutembea lilikuwa barabarani likibeba watoto na magodoro. Matangi ya akiba ya Jinja yana uwezo wa lita milioni 30, na nchi inatumia lita milioni kadhaa kwa siku, kwa hiyo hata yakijaa hadi juu ni akiba ya siku chache. Bahari hatuna, na sehemu kubwa sana ya mafuta yetu inashukia Mombasa. Na mwenye kituo aliyefunga pampu akingojea bei ya kesho alikuwepo pia, ila huyo hakuhitaji kuamriwa na mkubwa yeyote.

Dereva mmoja aliandika kwamba ada ikiondolewa bei itateremka ndani ya wiki mbili, akajipa 70. Kwenye mstari wa pili akaandika: "Foleni ikiisha na bei ikabaki juu, nimekosea." Serikali ikalegeza suala la ada, malori yakasogea, bei ikateremka, ingawa si kwa kasi aliyoitaka. Yule wa mkubwa aliyeficha mafuta aliandika 100 na mstari wa pili akauacha mtupu. Tarehe 24 Februari Urusi ikaivamia Ukraine, mafuta yakapanda duniani kote, na katikati ya mwaka petroli huku ikapita 6,000. Jamaa akarudi akisimama wima: "Si niliwaambia?" Bei ikipanda, ni mkubwa. Ikishuka, mkubwa ameogopa. Hajati alimsogezea daftari, akaonesha mstari ule mtupu kwa kidole, akaenda kugeuza chapati.

Kurasa za uchaguzi wetu wenyewe wa Januari 2021 hazina mengi, maana intaneti ilizimwa usiku wa kuamkia kura na kwa siku kadhaa habari zilikuja kwa mdomo tu. Tume ilimtangaza Rais Museveni kwa asilimia 58 na zaidi, mpinzani wake Bobi Wine, ambaye ni Muganda, kama 35. Mzee mmoja muuza ngozi, mteja wa tangu zamani, akafunga mjadala: "Ni kabila tu. Baganda wamempa mtoto wao."

"Na Basoga, mzee?" mwalimu akauliza kwa upole. "Bobi Wine ameongoza kura za urais Busoga vilevile, na Msoga si Muganda."

Mzee akafikiri, akanywa chai. "Basoga wameigiza."

Nawapenda wazee hawa, lakini hapo nilishindwa kunyamaza. Majanji si mbali, nanunua samaki kwa watu wa ziwa, na tangu 2017 jeshi lilipoanza kupambana na uvuvi haramu nimesikia vilio vya waliochomewa mitumbwi. Wakulima wa miwa wa Busoga nao wana malalamiko yao ya bei. Vijana wasio na kazi wako kila mahali. Mwalimu akanirudisha na mimi: usiliondoe kabila pia, binti yangu, lipo, na anayelikana kabisa naye ametafuta njia ya mkato. Sawa.

Huyo huyo mzee ndiye aliyewahi kutueleza kwamba Waasia walifukuzwa Uganda 1972 kwa sababu ya ndoto, basi. Ni kweli Rais Idi Amin alizungumza habari za ndoto, tena mbele ya askari huko Tororo kwa jirani zetu, mwanzoni mwa Agosti, kisha zikatolewa siku 90. Lakini sheria ya leseni za biashara ya 1969, iliyowabana wafanyabiashara wasio raia, ni ya serikali ya Obote, aliyemtangulia Amin, na Uingereza ilikuwa imebana mlango wake tangu 1968 kwa watu wenye pasipoti zake. Ukisema ndoto, umemweka mtu mmoja kichaa katikati ya hadithi na kuwasamehe wengine wote.

Siku ambazo hakuna ubishi, mwalimu anacheza na wageni mchezo wa namba alioubuni Peter Wason mwaka 1960. Anaandika 2, 4, 6 nyuma ya risiti, anasema zinafuata kanuni aliyoificha, nawe umtajie namba nyingine tatu akujibu ndiyo au hapana hadi uigundue. Karibu kila mtu anasema 8, 10, 12, kisha 20, 22, 24, anajibiwa ndiyo, ndiyo, na kutangaza kwa furaha: namba shufwa zinazopanda kwa mbili. Sivyo. Kanuni ni namba zinazopanda tu, hata 1, 7, 90. Wachache wanajaribu namba wanazotegemea zitakataliwa. Nimeona mawakala wazima, watu wa kusoma mikataba, wakibishana na risiti ile nusu saa. Mchezo ni bure ukinunua chai.

Kasoro zipo. Wanaokaa kwenye mabenchi ni madereva, mawakala na wabadilisha pesa, na wengi ni wanaume. Mimi ni mmoja wa wanawake wachache wanaokaa. Wenye vikapu wanapokelea chai mlangoni wamesimama na kuondoka, na wakulima hawaji kabisa. Kwa hiyo daftari lina upofu ule ule wa kurasa za Agosti 2022, na nimemwambia Hajati alipeleke mlangoni pia. Amesema kamba ni fupi.

Halafu daftari linapenda sana maswali ya nani atashinda. Maswali ya sheria fulani itafanya nini kwa maisha ya mtu ni machache, na mengine yameandikwa ovyo. Mfano ni ile kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, iliyoanza Julai 2018. Mmoja aliandika itafutwa ndani ya miaka mitatu. Julai 2021 ikaondolewa kweli, na mahali pake pakawekwa kodi ya asilimia 12 kwenye data. Mwalimu akampa alama ya vema. Mimi nasema hapana, kwa sababu aliyeuliza alitaka kujua kama tutaacha kulipa, na hatukuacha. Mpaka leo hatujapatana juu ya vema ile, na kila nikilipa chai ananikumbusha.

Huduma ni nzuri isipokuwa mwalimu anaposoma. Hapo wahudumu wote wanasimama kusikiliza na chai yako inapoa juu ya kaunta. Malipo ni taslimu au kwa simu. Shilingi za Kenya wanapokea kwa kiwango cha Hajati mwenyewe, badilisha nje kwanza. Ijumaa mchana panafungwa kwa sala, na Jumamosi pana kelele za mpira. Nenda asubuhi ya katikati ya wiki, kaa benchi la dirishani mbali na moshi, agiza roleksi badala ya chapati, na beba kalamu yako, kwa sababu iliyofungwa kwenye daftari haiandiki vizuri na Hajati hakubali hiyo kuwa udhuru.