Programu ya nasaba: undugu inaujua, vyeo vya kina mama vinaipiga chenga

Programu hii ya simu naitumia kufuatilia koo za kifalme za Ulaya, karne ya 12 na 13, hasa upande wa wanawake. Kwenye undugu sina neno. Unachagua watu wawili, unabonyeza, mistari inashuka hadi kwa mzee wanayekutania.

Mfano ni Eleanor wa Aquitaine, eneo la kusini-magharibi mwa Ufaransa. Machi 1152 ndoa yake na Louis VII wa Ufaransa ilibatilishwa kwa hoja kwamba ni ndugu wa damu. Programu inaonyesha Louis ni kilembwe wa Mfalme Robert II wa Ufaransa, naye Eleanor ni kinying'inya wake. Haya, undugu upo. Mei mwaka uleule akaolewa na Henry Plantagenet, aliyekuja kuwa mfalme wa Uingereza. Nikamwingiza Henry: yeye na Eleanor wote ni vilembwe wa Ermengarde wa Anjou, bibi aliyeolewa mara mbili, kila mmoja akitokea kwenye ndoa yake. Yaani aliachanishwa na ndugu wa mbali, akaenda kwa wa karibu zaidi, na kanisa likafunga ndoa! Louis alikuwa amepata kwake mabinti wawili tu, hakuna mrithi wa kiume. Hiyo nadhani ilimuuma Louis zaidi kuliko huo undugu wa Robert II.

Tabu ni vyeo. Kila mtu amepewa nafasi moja, na mwanamke anajaziwa cheo cha mume wa mwisho. Eleanor ni "Malkia wa Uingereza", basi. Utemi wa Aquitaine aliurithi kwa baba yake mwaka 1137, ulikuwa mali yake, na waume wote wawili waliupata kwa mgongo wake. Hilo halionekani popote.

Aliyeonewa kabisa ni Matilda, binti wa Mfalme Henry I wa Uingereza. Mume wake wa kwanza, Kaisari Henry V wa Ujerumani, alifariki 1125. Akaolewa tena na Geoffrey wa Anjou, lakini cheo cha ukaisari hakukiacha hadi anakufa. Humu ni mke wa Geoffrey tu. Tena ukitafuta "Matilda" unaletewa pia hasimu wake, mke wa Stephen aliyegombania naye kiti cha Uingereza; mke huyo naye alirithi jimbo la Boulogne, Ufaransa, kwa haki yake, na hakuna cha kuwatofautisha ila mwaka wa kuzaliwa.

Kwa mabinti wanne wa Ramon Berenguer, mtawala wa Provence kusini mwa Ufaransa, ndipo nilipoona pesa yangu ya kifurushi haikupotea. Margaret aliolewa na Louis IX wa Ufaransa, Eleanor (mwingine huyu) na Henry III wa Uingereza, Sanchia na Richard, mdogo wake Henry, Beatrice na Charles, mdogo wake Louis. Ukurasa mmoja, na unaona kwamba Louis na Henry, wafalme waliofanya mkataba wa amani Paris mwaka 1259, walikuwa mtu na mwanyumba wake.

Nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitaiongeza siku watakapoweka nafasi ya cheo cha kurithi.