Kirikuu ya WPL D12 au Traxxas Slash: rivyu zipi za kusikiliza

Wakuu, ukianza kutafuta pikapu ya rimoti, ile ya kutengenezeka na sio ya sikukuu ikifa unatupa, kuna majina mawili hutayakwepa. La kwanza Traxxas Slash, Mmarekani, iko sokoni tangu 2008. La pili WPL D12, Mchina, ambayo Mbongo yeyote akiiona anacheka kwanza maana ni Suzuki Carry, yaani kirikuu kabisa, kabini fupi na bodi ya mizigo nyuma, imebaki kupakia nyanya tu. Moja inapita dola 200, nyingine unaipata chini ya dola 100. Na zote zimejaa nyota tano huko mitandaoni, sasa utajuaje.

Mimi nyota tano huwa naziruka kabisa. Nyingi zimeandikwa siku boksi limefunguliwa, "imefika salama, mtoto kafurahi", hata chaji ya pili haijaingia. Nyota moja nazo nyingi ni ugomvi na msafirishaji, boksi limebonyea, mzigo umechelewa, gari lenyewe halijaguswa. Pale katikati, nyota tatu, kuna mtu analipenda gari na bado analilalamikia, huyo ndio wa kukaa naye. Msome anasema nini kilivunjika, alikuwa anaendeshea wapi, na spea aliipata au gari liko juu ya kabati.

Kwenye Amazon angalia pia kama rivyu ina alama ya Vine, maana yake mwandishi kapewa kitu bure. Sio lazima awe muongo lakini hajatoa hela yake mfukoni, na mtu aliyetoa hela analia tofauti. Halafu pale aina kadhaa zinaweza kuchanganywa kwenye ukurasa mmoja, unasoma sifa za toleo lenye mota ya brashlesi, ile isiyo na brashi ndani na yenye nguvu zaidi, wakati wewe unanunua lenye brashi. AliExpress inakuonyesha mtu alinunua toleo gani na yuko nchi gani, hiyo inasaidia sana kuliko nyota zenyewe.

Tuje kwenye kirikuu. Lalamiko moja utaliona kila kona, "ni ndogo kuliko nilivyodhani". Wanaona imeandikwa 1/10, yaani ndogo mara kumi kuliko gari halisi, Slash nayo imeandikwa 1/10, wanategemea zilingane. Hazilingani hata kidogo, Slash inafika sentimita 56 hivi na kirikuu haifiki 40. Na WPL hapo hajadanganya mtu, Carry yenyewe inabanwa na sheria ya Japani ya magari madogo, mwisho mita 3.4, ukigawanya kwa kumi unapata nini? Kwa hiyo nyota mbili za namna hiyo wala zisikutishe.

Lalamiko la gia ndio zito. Gia za ndani ni plastiki, na watu wanaweka picha zimeliwa meno. Ila soma hizo rivyu mpaka mwisho, mara nyingi utakuta jamaa alishaweka mota kubwa kuliko iliyotoka nayo, anataka idrifti, yaani iteleze kwa ubavu kwenye kona, sasa gia ya plastiki ifanyeje? Anayeiacha ilivyo, anazungukia sebuleni na uwanjani, huwa halalamikii gia, analalamikia mwendo, na kweli ni ya polepole. Gia za chuma zinauzwa kwa bei ya kawaida tu, hesabu kabisa kwenye bajeti. Servo ya stering, ile mota ndogo ya kukata tairi, nayo nyonge, hilo wanakubaliana wanaoisifia na wanaoiponda, na pande zote mbili zikisema kitu kimoja mimi naamini.

Slash ni ugomvi mwingine. Wenyewe wanaisifia inakula kipigo, inatembea kama kilomita 48 kwa saa na betri yake ya kawaida, vifaa vya umeme vinastahimili maji. Hapo kwenye maji ndio soma vizuri. Sifa hiyo ni ya vifaa vya umeme, sio ya beringi, na anayesifia kapita kwenye dimbwi la mvua huko kwao akaifuta akaenda kulala. Wewe ukiipeleka Coco Beach ni chumvi na mchanga laini, beringi zitaanza kulia na mota ya brashi haipendi vumbi hata dawa. Maoni ya mtu anayeendeshea kwenye kapeti au majani hayakuhusu, tafuta yule wa Arizona au popote penye vumbi, huyo ni ndugu yako.

Slash ya tairi mbili, yaani inayosukumwa na tairi za nyuma tu, inapinduka kona kali, hili nalo wanaliandika wengi na ni kweli, imekaa juu, ndio maana kampuni yenyewe inauza chesi ya chini zaidi. Soketi ya betri ni ya kwao wenyewe, ila fundi simu yeyote anakulehemia nyingine. Ukihamia LiPo, betri za lithiamu, washa ule ulinzi wa volti kwenye spidi kontrola, kile kifaa kinachogawa umeme kwenda kwenye mota, seli ikishuka chini ya volti 3 unaiharibu. Na ukiagiza betri hizo kwa mtu anayekuja na ndege mwambie abebe kwenye begi la mkononi, za spea haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini.

Wale wa YouTube wengi gari wamepewa. Mimi nazima sauti naangalia: linakata kona vipi, chini kukoje, likidondoka kinagusa nini kwanza. Hukumu zao sina haja nazo.

Kwangu mimi, kama ni mtoto au mtu mzima anayependa kufungua na kupaka rangi, chukua kirikuu na gia za chuma humo humo kwenye oda moja, spea zinachukua wiki kadhaa kufika. Slash chukua kama una uwanja, una mtu wa kukuletea spea, na mtoto akishika uiweke kwenye Training Mode, inakata nguvu nusu.

Ya mtumba je? Usiridhike na klipu ya gari limeshikwa juu tairi zinacheza. Mwambie muuzaji aliweke chini kwenye sakafu, limesimama, akate kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho. Servo iliyochoka hewani inakata vizuri tu, ikibeba uzito ndio utaiona inatetemeka.