TAHADHARI: Anayeuza safari za "majani mekundu" Uturuki ni tapeli, kanilia milioni 4.2

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Nimekaa siku tisa siwezi kuandika haya kwa aibu. Lakini jana nimeletewa tangazo lake jipya. Keshaanza tena, picha zilezile, maneno yaleyale, kabadilisha jina la ofisi tu. Basi aibu naiweka pembeni.

Mnaonijua mnajua safari hii ya kwenda kuona majani naisema tangu lini. Miaka kumi na tisa nafundisha baiolojia. Kila mwaka nasimama ubaoni nikieleza: kwenye nchi za baridi siku zikifupika mti huacha kutengeneza klorofili, kijani kinaondoka, manjano ya karotini iliyokuwa imejificha humo ndani inatokeza, na iko miti inayotengeneza na wekundu wa anthosianini kabla jani halijaanguka. Mfano wangu siku zote ni mkungu wa uwanjani pale skuli, unavyogeuza majani mekundu ukikaribia kuyapukutisha. Mkungu mmoja! Mimi mzaliwa wa Konde, Pemba, nimekulia ubavuni mwa Ngezi, msitu ulio kijani mwaka mzima. Nilitaka mara moja tu nione msitu mzima umegeuka rangi, kabla sijastaafu. Hata jina la majira hayo lilikuwa linanivuta: sisi vuli yetu ni mvua, wao vuli yao ni majani.

Huyu mtu ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Kanzu imepigwa pasi, kofia ya viua, kahawa kaimimina kabla sijakaa. Nikamwambia nataka Yedigöller, ile hifadhi ya maziwa saba kule Bolu, kati ya Istanbul na Ankara. Wengine wote niliowauliza walinitajia maduka ya Istanbul tu. Yeye palepale kanijibu: "Mwalimu, hiyo iwe mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba. Ukichelewa utakuta matawi matupu." Na ni kweli, ndivyo ilivyo. Hapo ndipo aliponishika. Kaongea jambo langu kwa lugha yangu, nikajisemea huyu anajua anachokiuza.

Tena kanigeuzia kompyuta yake niione. Kachukua pasi yangu, kaandika jina langu herufi kwa herufi, kaniuliza kama limekaa sawa. Kanipa kikaratasi chenye herufi na tarakimu sita. Kasema, "Usiniamini mimi. Nenda nyumbani, ingia kwenye tovuti ya shirika la ndege, tazama mwenyewe." Nikaenda. Mwanangu kaingiza, na jina langu likatokea kamili, tarehe 3 Novemba, Zanzibar kwenda Istanbul. Sikuambiwa, nililiona kwa macho yangu! Siku hiyohiyo nikalipa milioni 1.7 iliyotoka kwenye zamu yangu ya mchezo, ule wa kuchangiana fedha.

Iliyobaki milioni 2.5, na humo milioni moja na laki moja ni ya mama. Fedha ya karafuu. Mama yangu ana miaka sabini na kitu, kakaa jamvini kuchambua karafuu mpaka vidole vimekuwa vyeusi, kaniletea noti zimefungwa kwenye pembe ya kanga. Ukizifungua zanuka karafuu. Kanambia, "Nenda mwanangu, ukirudi unihadithie." Nikazichukua noti zile mpaka kwa wakala wa pesa pale mtaani. Kaingiza namba, katulia, kaninyanyulia uso: "Mwalimu, jina linakuja la mwanamke. Ndiye?" Nikampigia yule mtu, hakupokea. Dakika haikupita kaniletea ujumbe wa sauti, anacheka kabisa: "Huyo mhasibu wetu, mwalimu, tuma tu, nafasi zimebaki mbili." Nikamwambia wakala tuma. Wakala kaniuliza mara ya pili. Nikamwambia tuma! Sauti yangu hiyo naisikia kila nikilala.

Usiku wa safari mvua inamwagika, mimi nimesimama uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume na koti zito mkononi, la kuazima kwa mtoto wa shoga yangu, na glavu za mitumba. Wanafunzi nimeshawaaga. Nimewaahidi majani makavu ya kubandika daftarini. Binti wa kaunta kaandika, kafuta, kaandika tena. Kisha kashusha sauti ili walio nyuma wasisikie, Mungu amlipe kwa hilo. "Mama, hii nafasi ilishikwa tu, haikulipiwa. Imejifuta tangu Agosti." Nikampa na karatasi ya viza niliyopewa. Kaitazama, kanirudishia kwa vidole viwili. "Na hii si viza, mama."

Nikapiga simu. Imezimwa. Nikaingia kwenye grupu la safari, nimeshatolewa. Nyuma yangu pakaja mume na mke na masanduku mawili, wametapeliwa vilevile. Yule mama kakaa chini sakafuni.

Naambiwa na watu eti "yamepita, muachie Mungu". Mungu nimeshamuachia, lakini na polisi nimekwenda na RB, namba ya taarifa yangu, ninayo. Huyu si wa kusamehewa kwa kikombe cha kahawa na wazee wawili wa kumuombea. Akae ndani. Auze hiyo gari anayotembelea, kila mtu arudishiwe fedha yake mpaka senti ya mwisho, kisha afungwe. Na huyo "mhasibu" wake naye, kama yupo, wakamatwe pamoja. Kumla mwalimu ni jambo moja, kula karafuu za bibi kizee wa Konde ni laana.

Mnaouliza mtamjuaje: fedha anaitaka kwa simu na jina si lake. Risiti yake ni ya kuandika kwa mkono. Ukiomba leseni ya Kamisheni ya Utalii anasema iko kwa mwanasheria. Hizo herufi sita si tiketi, zinaonesha kwamba nafasi imeshikwa tu. Tiketi iliyolipiwa ina namba yake ya tarakimu kumi na tatu, idaini hiyo. Na Mtanzania mwenye pasi ya kawaida haingii Uturuki bila viza, hivyo akikwambia "viza niachie mimi" chukua pasi yako uondoke. Kwenye lile grupu kulikuwa na watu wanne wakisifu kila siku, na wote wanaandika "inshaallah" kwa kosa lilelile la herufi. Nimeliona baadaye.

Na zile picha. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Msitu wa Yedigöller sehemu kubwa ni miti ya jamii ya mwaloni, jani lake pana, likigeuka huwa manjano na rangi ya shaba. Picha zake zina majani madogo mekundu yenye ncha kama nyota. Huo ni mti wa mepo (maple) wa Kijapani, na nyuma yake kuna lango jekundu la hekalu la Kijapani limekatwa nusu. Miaka kumi na tisa nafundisha jani, na jani lenyewe sikulitazama.

Mume na mke tulioonana uwanjani usiku ule, sikuchukua namba yenu kwa jinsi nilivyochanganyikiwa. Nitafuteni twende kituoni pamoja, askari kasema malalamiko yakiwa mengi kesi inakuwa na nguvu. Yeyote mwingine aliyelipa, njoo na ujumbe wa muamala, usiufute. Mwenye kujua ofisi kaihamishia wapi aniandikie faragha.

Mama bado sijamwambia. Kila akipiga simu ananiuliza baridi ya huko ikoje.