Uzoefu wangu: kufufua kompresa ya zamani ya gereji nikiwa nyumbani Nyakato, Mwanza

Kompresa ninayoizungumzia, yaani mashine ya kubana hewa, huendeshwa na mota kwa mkanda. Kichwa chake, yaani pampu yenyewe, ni cha chuma cha kutupwa chenye silinda mbili, moja kubwa na moja ndogo, cha kampuni ya Ingersoll Rand, cha jamii ya Type 30 iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1929. Niliinunua kutoka gereji moja ya Igogo iliyokuwa inafungwa, nikaifanyia kazi katika banda la gari nyumbani kwangu Nyakato, na sasa naitumia kupulizia rangi, kupeperusha vumbi na kujaza matairi. Baada ya kuifungua yote na kuirudisha, msimamo wangu ni huu: anayenunua mashine ya namna hii ananunua kichwa, na tangi alihesabu kuwa ni chuma chakavu mpaka vipimo vioneshe vinginevyo.

Tangi lililokuja na mashine halikuwa lake la asili. Lilifungwa baadaye na mmoja wa waliowahi kuimiliki, na kwa nje lilikuwa limepakwa rangi nzuri ya bluu. Kutu ya tangi la upepo, hata hivyo, huanzia ndani, sehemu ya chini kabisa ambako maji hutuama, kwa hiyo rangi ya nje haikwambii lolote. Nilifungua koki ya kumwagia maji, nikaingiza taa ndogo kupitia tundu la ubavuni, nikaona mashimo ya kutu yaliyopangana kwenye mstari wa chini. Fundi wa kuchomelea niliyemwita aligongagonga kwa nyundo, akasikiliza mlio unavyobadilika, kisha akasema, “Mzee, hapa naweza kuweka kiraka leo hii na ukaniona fundi mzuri, lakini mimi mwenyewe sitasimama karibu nalo likijaa. Hili ni la kukata.” Namshukuru kwa maneno hayo, kwa sababu wapo wengi ambao wangechukua fedha na kuweka kiraka. Joto la kuchomelea hubadilisha chuma kinachozunguka kiraka, na kwa kuwa upepo uliobanwa hutanuka ghafla unapopata upenyo, tangi linalopasuka halivuji tu bali hurusha vipande.

Nilinunua tangi jipya la lita 150 lenye kibati kinachoonesha presha ya juu ya bar 10 (bar ni kipimo cha presha), na bado sikuliamini kwa kusoma kibati peke yake. Nililijaza maji hadi juu, nikahakikisha hakuna hewa iliyobaki, kisha nikaazima pampu ya mkono ambayo mafundi bomba huitumia kupima mabomba ya nyumba, nikapandisha presha hadi bar 15, yaani mara moja na nusu ya ile iliyoandikwa. Maji hayabaniki, kwa hiyo tangi likishindwa wakati wa kipimo hiki huvujisha tone na sindano ya geji ikaanguka, bila mlipuko. Sindano haikusogea. Kipimo hiki kinahitaji maji, pampu ya kuazima na subira tu, na sioni sababu ya mtu yeyote kukiruka.

Kichwa ndicho kilichonifurahisha. Silinda kubwa huvuta hewa na kuibana kwa hatua ya kwanza, hewa hiyo hupita katika bomba lenye mapezi ili ipoe, kisha silinda ndogo huibana tena kabla ya kuingia kwenye tangi. Kupoa huko katikati ndiko kunakoifanya mashine ya hatua mbili itumie nguvu kidogo kwa kazi ile ile. Kuta za silinda zilikuwa nzima. Ringi za pistoni zilikuwa zimelika na bapa za valvu zilikuwa na masizi magumu ya mafuta yaliyoungua, ambayo niliyalainisha kwa mafuta ya taa na kuyaondoa bila kukwaruza. Ringi za kwanza nilizouziwa dukani mjini zilikuwa nyembamba kuliko mifereji ya pistoni, ingawa muuzaji aliapa kuwa ni zenyewe. Nikazirudisha na kuagiza nyingine Dar es Salaam kwa namba iliyopigwa kwenye kibati cha kichwa, zikaja kwa basi na kupokelewa stendi ya Nyegezi. Namba hiyo ya kibati ndiyo lugha pekee ya kumwagiza mtu vipuri, na anayekwangua rangi ya zamani ahakikishe haikwangui nayo.

Gasketi ya kifuniko cha silinda niliikata kutoka karatasi ya gasketi yenye unene uleule wa ile ya zamani, kwa kuwa unene huo ndio unaoamua nafasi inayobaki kati ya pistoni na kifuniko hicho. Mafuta niliyoweka ni ya kompresa, uzito wa daraja la 100, wala si oili ya injini ya gari, ambayo ina sabuni ndani yake ya kushikilia uchafu na maji, jambo lisilotakiwa hapa.

Mota yake ilikuwa ya fezi tatu na nyumbani kwangu kuna fezi moja. Nilifunga mota ya fezi moja ya hp 3, inayozunguka mara 1,450 kwa dakika, na badala ya kuilazimisha iendeshe kichwa kwa kasi kubwa nikampa fundi mchongaji kazi ya kutengeneza puli ya inchi 6. Flaiwili ya kichwa, yaani gurudumu lake zito linalozungushwa na mkanda, ni inchi 14, kwa hiyo kichwa kinazunguka takribani mara 620 kwa dakika, polepole, kwa mlio mzito usiowakera majirani, na umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, hauliwi kwa kasi niliyoihofia. Mikono ya flaiwili imepindwa kama feni ili ipeperushie silinda hewa ya kuzipoza, hivyo uelekeo wa mzunguko una maana: ikizunguka kinyume itabana hewa vilevile, lakini itachemka.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni mwinuko wetu. Ziwa Victoria liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani. Kufikisha tangi langu bar 8, yaani psi 116, pampu lazima imeze takribani lita 1,350 za hewa ya Mwanza, wakati Dar es Salaam zingetosha kama lita 1,185. Anayelinganisha muda wa kujaza na ule ulioandikwa kwenye vitabu asidhani ringi zake ni mbovu. Unyevu wa ziwani nao hauna huruma: hewa ikibanwa kiasi hicho na kupoa huachia maji, na msimu wa mvua namwaga maji ya koki kila jioni. Vijidudu vya ziwani, vile vinavyoonekana kwa mbali kama moshi juu ya maji, hufuata taa usiku na kuziba chujio la kuvutia hewa, kwa hiyo nimelielekeza upande wa giza na ninalikung’uta mara kwa mara.

Valvu ya usalama ya zamani ilikuwa imegandishwa na rangi. Nilinunua mpya inayofunguka bar 9, nayo swichi ya presha nimeiweka izime bar 8 na kuwasha bar 6. Mabomba ya kwenda kwenye meza ya kazi ni ya chuma, yenye mteremko mdogo kuelekea koki ya mwisho. Mabomba ya plastiki ya maji niliyakataa ingawa ni rahisi, maana plastiki ile hupasuka vipande vikali inapojazwa upepo.

Kwa upande wa fedha, tangi jipya lilinigharimu kuliko kichwa, na ukijumlisha mota, ringi na kazi ya kuchonga, jumla ilikaribia bei ya kompresa mpya ya ukubwa wa kati. Anayetaka kujaza matairi tu anunue ndogo mpya. Kwa anayepuliza rangi kwa saa nyingi, kichwa kizito kinachozunguka taratibu ni bora kwa mbali, na mimi ningekinunua tena. Kinachonisumbua bado ni valvu ya kuzuia upepo usirudi, ambayo huvuja kidogo mashine ikizimwa, nimeshaagiza nyingine.